Mnara wa Mbili Nne

Mama mwenye mtoto wa darasa la nane, soma haya kabla matokeo hayajabandikwa mlangoni pa shule. Mimi niliishia darasa la nne. Kazi yangu ni kukanda unga katika duka la mikate hapa mjini Bârlad, Romania, na kwa woga wangu nilikaribia kumwangusha mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Smaranda alifanya mtihani wa kuingia sekondari ya hesabu. Akapata 8.60, na wa mwisho kuchukuliwa alikuwa na 9.05. Swali moja lenye alama nzima lilimwangusha: mbili nne, yaani 2 iliyoandikwa mara nne, zimepandana kama mnara wa vipeo, kila moja begani mwa mwenzake, thamani yake ni ngapi? Yeye aliandika 65,536. Msahihishaji akampa sifuri na kuandika 256 kwa wino mwekundu.

"Nakata rufaa, mama. Weka sahihi hapa."

Sikuweka. Rufaa zetu hazina huruma: karatasi nzima husahihishwa upya, na alama inaweza kushuka. Kwa 8.60 alikuwa na nafasi ya uhakika shule ya ushonaji. Akishuka chini ya 8.50, hata hiyo ingempita. Na dirisha la rufaa lilikuwa linafungwa saa nane mchana.

Alinifuata hadi kazini. Sofica, mwenzangu wa jikoni, akacheka.

"Eti binti wa mkandaji unga anamfundisha profesa. Mpeleke kwenye cherehani, Veta, utapata gauni la bure."

"Nabusu mkono, shangazi Sofica," Smaranda akamjibu kwa adabu zote, kwa salamu yetu ya heshima kwa wakubwa. "Gauni lako nitalishona, ila kwanza nihesabu mita zinazohitajika."

Smaranda akanisogezea donge la unga.

"Mnara huu unasomwa kutoka juu, mama. Wa juu ndiye anayemwamuru wa chini yake. Tandaza unga, ukunje mara mbili. Tabaka ngapi?"

"Nne."

"Basi hiyo nne ndiyo amri mpya. Chukua mwingine, kunja mara nne."

Nikakunja. Mbili, nne, nane, hatimaye kumi na sita. Kazi ya kila siku, sikuhitaji shule.

"Sasa kumi na sita ndiyo amri. Chukua mwingine, kunja mara kumi na sita."

"Utapasuka, mtoto wewe."

"Basi hesabu tu."

Nikaandika kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani, kila mkunjo nikiongeza maradufu. Nilipofika mkunjo wa kumi nilikuwa na tabaka 1,024. Wa kumi na sita ukanipa 65,536. Nilirudia mara mbili. Haikubadilika.

"Na yule profesa?"

"Kaanzia chini. Mbili mara mbili, nne. Nne mara nne, kumi na sita. Kumi na sita mara kumi na sita, 256. Ni kama mtu aliyekunja mara nane akaenda zake."

"Kwa hiyo amechoka tu," Sofica akasema. "Veta, unangoja nini? Saa saba na nusu hii."

Nilikimbia na aproni hadi ofisi ya rufaa. Karani alikuwa ameshika kitasa cha dirisha.

"Mama, unajua alama inaweza kushuka?"

"Najua. Nipe kalamu."

Sahihi ikatoka kama njia ya konokono. Lakini ilikuwa sahihi.

Siku ya tatu mwenyekiti wa kamati ya rufaa, mama mmoja mwenye mvi, alituita. Akamuuliza Smaranda mbele yangu: ukiongeza mbili ya tano chini ya mnara?

"Kuandika jibu kunahitaji tarakimu 19,729, mwalimu. Niandike?"

"Hapana, binti, tunataka kula chakula cha mchana."

Alipewa alama yake nzima, jumla ikawa 9.60. Karani alininong'oneza kwamba watoto wanne wengine waliandika jibu lile lile na kupata sifuri ile ile. Wazazi wao hawakukata rufaa, na kanuni ni kanuni: karatasi isiyolalamikiwa haifunguliwi. Wale wanne nawafikiria mpaka leo. Mama zao waliogopa kama mimi, basi.

Kwa hiyo ogopa, siwezi kukukataza. Ila ogopa ukiwa na kalamu mkononi, na kwanza mwache mtoto akuonyeshe. Smaranda anaanza Septemba, na jina lake liko la tatu kwenye orodha. Nimekwenda kulisoma mara tano.