Juisi Iliyopita Motoni

Nimefundisha sayansi ya shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne, nimesahihisha madaftari yasiyo na idadi, na sijapata kukasirishwa na namba kama nilivyokasirishwa na nane nukta tano.

Namba hiyo ilikuwa ya damu ya mjukuu wangu Evaline. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kwa kuwa mumewe Feliksi yuko Mpanda kikazi, wazazi wa pande zote mbili walikubaliana akae kwetu Kasingirima, mimi na bibi yake Rozalia tumtunze hadi ajifungue. Alipopimwa mara ya kwanza, mimba ikiwa na wiki ishirini na nane, damu ilikuwa nane nukta sita. Hakuwa na malaria wala minyoo. Yunisi, muuguzi aliyehamishiwa zahanati yetu kutoka Singida, alitueleza bila kuficha kwamba damu ile isipofika kumi kabla ya wiki ya thelathini na sita, Evaline atapewa rufaa kwenda kujifungulia hospitali kubwa, kwa maana mwanamke mwenye damu pungufu akitokwa na damu hata kidogo tu wakati wa uzazi anaweza kutuponyoka.

Vidonge vya kuongeza damu vilikuwa vikimtapisha. Aliweza kuvumilia kimoja tu katika kila siku mbili. Basi Yunisi akasema chakula kisaidie: maharage, mboga za majani, dagaa, na kwa kila mlo glasi ya juisi ya machungwa, kwa sababu vitamini C huusaidia utumbo kunyonya madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Chai ikae mbali na chakula. Niliandika kila neno.

Kazi ya juisi niliichukua mwenyewe, maana kazi yenye utaratibu hainishindi. Mara mbili kwa wiki nilikwenda soko la Mwandiga kuchagua machungwa mazito yenye ganda laini. Niliyaosha, nikayakamua, nikaichuja juisi mara tatu kwa kitambaa cheupe hadi isibaki nyama ya tunda hata chembe. Kisha niliibandika jikoni ikatokota dakika ishirini, nikiangalia saa.

Nyumbani kwangu hakuna kinachoingia mdomoni bila kupita motoni. Mwaka ule kipindupindu kilipopita katika mwambao wetu, watu wakinywa maji ya ziwa kama walivyoyateka, nilizika wanafunzi wawili katika juma moja. Mmoja wao, Martini, alikuwa akikaa dawati la mbele na alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu. Tangu siku hiyo tunachemsha maji, tunachemsha maziwa, na vikombe tunavimwagia maji ya moto. Watoto wangu wanne wamekulia katika sheria hiyo, na hakuna aliyeugua.

Evaline aliinywa ile juisi akiwa amefumba macho. Ilikuwa na rangi ya maji ya kunde na harufu ya ganda lililoungua. Siku moja aliniuliza, "Babu, na huyu mtoto naye akizaliwa utamchemsha?" Rozalia alicheka hata akaweka mwiko chini. Mimi sikucheka. Nilimwambia anywe amalize.

Baada ya wiki nne tulirudi zahanati. Nane nukta tano.

Nilihisi kama mwalimu aliyefundisha somo mwezi mzima, kisha darasa zima likafeli. Dagaa walikuwapo, maharage yalikuwapo, juisi ilikuwapo kwa dakika zake. Kilichobaki ni mwanafunzi. Nikakumbuka kwamba siku mbili zilizopita nilikuta sisimizi wamejaa nyuma ya jiko, mahali penye unyevu na harufu ya machungwa. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi la wajawazito, kina mama wasiopungua kumi, nami sikushusha sauti. Nilisema kwamba wapo watu wanaohangaikiwa na wazee wao, nao wanamwaga juisi nyuma ya jiko kama watoto wadogo.

Kina mama wakamgeukia Evaline. Yeye alinitazama mimi.

"Nimekunywa zote, Babu," alisema. "Hata ile niliyotapika Jumapili, niliomba nyingine nikanywa tena."

Sikumwamini. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli.

Yunisi alituita ndani. Nilimweleza shaka yangu, naye hakumuuliza Evaline lolote. Aliniomba mimi nimwelekeze jinsi ninavyoitengeneza hiyo juisi. Nilieleza kwa mpangilio, kuosha, kukamua, kuchuja, kuchemsha, nikidhani ataniomba nikawafundishe na wengine. Alikuwa akiandika. Nilipofika kwenye kuchemsha, kalamu ilisimama.

"Dakika ngapi, Mwalimu?"

"Ishirini, tangu inapoanza kutokota."

Alishusha pumzi, kisha akasema kwa heshima kwamba moto wa muda mrefu namna hiyo huharibu sehemu kubwa ya vitamini C, na kwamba nilichokuwa nikimpa Evaline kilikuwa zaidi maji ya sukari ya matunda. Na ile nyama niliyokuwa nikiichuja na kuitupa, akaongeza, ni chakula cha bakteria wenye manufaa wanaoishi katika utumbo mpana.

Hapo hasira ilinipanda. Nilimwambia, "Binti yangu, nimewafundisha watoto wa mji huu kwamba bakteria ni adui. Leo unaniambia niwalishe?"

"Wa kipindupindu ni adui, na kwa hao hukukosea," alijibu. "Lakini tumboni wapo wengi tunaoishi nao vizuri, na baadhi yao hutusaidia kusaga yale tunayoshindwa wenyewe. Juisi inawabadilisha kiasi gani, wataalamu bado wanachunguza, sitakudanganya. La vitamini C nina hakika nalo. Na sisemi ni hilo peke yake lililozuia damu kupanda."

Ningeweza kubishana naye hadi jioni kuhusu bakteria. Lakini lile la vitamini C nililijua kabla yake. Kila mwaka, darasa la tano, somo la lishe, niliandika ubaoni kwa chaki nyeupe: mboga zisichemshwe mno, vitamini C hupotea. Niliwatungia mtihani juu yake. Niliwachapa walioshindwa. Wala haikunijia kwamba chungwa nalo lina vitamini ile ile, na sufuria yangu haina tofauti na sufuria ya mtu mwingine.

Nilimuuliza Rozalia kwa simu kuhusu sisimizi. Alisema ni pale anapotupa makapi ya machungwa ninayomkabidhi kila asubuhi.

Maneno yangu niliyasema mbele ya benchi, kwa hiyo nilirudi mbele ya benchi. Nilivua kofia, nikawaambia wale kina mama kwamba niliyosema juu ya mjukuu wangu hayakuwa kweli, kwamba amekunywa kila alichopewa, na kosa ni langu. Mama mmoja wa Kalinzi, mwenye kanga begani, akasema, "Kumbe leo Mwalimu kajipa sifuri mwenyewe." Wakacheka wote, isipokuwa Evaline. Hakunisemesha siku mbili.

Siku ya tatu alikuja jikoni, akachukua kisu mkononi mwangu. Alisema machungwa yake atakamua mwenyewe, nami ninawe mikono nije kula. Nilimwomba jambo moja, kwamba mikono, kisu na maganda vioshwe kwa maji yaliyochemshwa, na juisi inywewe pale pale bila kulazwa. Akakubali. Alikunywa pamoja na nyama zake, juisi mbichi, mbele ya macho yangu, nami nilishika ukingo wa meza hadi glasi ikaisha. Mara tatu kwa siku niliushika ukingo ule.

Baada ya wiki tatu tulirudi kupima. Tisa nukta tatu.

Yunisi alifurahi. Alisema damu inapanda, na vidonge sasa anavivumilia kila siku. Lakini wiki ya thelathini na tano ilikuwa inaisha, na kumi haikufikiwa. Barua ya rufaa lazima iandikwe. Nilipiga hesabu pale pale kwenye kiti: kama zile wiki nne za mwanzo nisingezitokosa jikoni, huenda tungefika. Nilitaka kubisha. Nikamwambia aandike.

Tulitoka na barua. Barabarani Evaline aliniuliza kama bado nina hasira. Nilimjibu kwamba ninayo.

"Hata mimi, Babu," alisema. "Lakini punguza mwendo, mtoto ananilemea."

Nikapunguza mwendo.