Wanaobonyeza Alfajiri

"Sema tena! Sema watu wasikie, kwamba mimi Oliva nakula hela yako kwa kidole!"

"Nasema na narudia. Kila kukipambazuka kuna mtu analibonyeza tangazo langu mpaka pesa ya siku inakwisha. Mtu wa hapahapa Songea. Sasa nani mwingine ana viti vya kukodisha Mshangano hii? Taja, Mama Jane. Taja!"

Ludovika alikuwa upande wake wa uzio wa matete, kitambaa cha kufutia viti kikimdondoshea maji miguuni. Upande wa pili Oliva alikuwa amekuja na mwiko mkononi, uji ameuacha jikoni. Baridi ya Juni ilikuwa inauma na kila mtu alikuwa na sababu ya kubaki ndani, lakini asubuhi ile mtaa mzima ulikuwa unafagia. Hata wasiokuwa na ufagio walikuwa wameinama.

"Baada ya yote niliyokufanyia kwenye hiyo simu," alisema Oliva, sauti ikamshuka ghafla, "ndiyo shukrani yako, Mama Thadei?"

"Si ndicho ninachokisema? Umenifanyia!"

Oliva akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni. Kisha akageuka, akaingia ndani, akaufunga mlango polepole. Angeubamiza ingekuwa afadhali. Mlango wa hasira Ludovika aliuzoea, hufunguliwa kabla ya jioni. Huu ulifungwa kama wa nyumba iliyohamwa.

Kwa miaka walikuwa wakifanya kazi kama mikono miwili ya mtu mmoja. Ludovika ana turubai na viti alivyoachiwa na marehemu mumewe, Oliva ana masufuria na sahani. Ukija kwa huyu kutafuta viti vya harusi, utaondoka umeshaelekezwa kwa yule kwa masufuria, na chai umekunywa mahali pawili. Halafu wakaja watu wa mjini wenye viti vya kuvalishwa vitambaa na taa za rangi. Wateja wakaanza kupungua. Mwaka huu Oliva akashusha viti vyake vyekundu, vipya. "Ili tukipata harusi kubwa tusiazime kwa watu," alisema, na siku ile Ludovika alimwamini.

Kwenye mambo ya tangazo aliingizwa na Jordan, mwenye duka la simu na kuchapisha kule Majengo. "Mama, siku hizi watu hawaulizi jirani, wanaiuliza simu," alimwambia. Mtu akiandika kwamba anatafuta viti vya kukodi Songea, jina la Ludovika litatokea juu kabisa. Kutokea ni bure. Akilibonyeza, hapo ndipo Ludovika anakatwa kwenye pesa aliyoiweka ya siku, na ikiisha tangazo linajificha mpaka kesho. "Na anayebonyeza ni mwenye shida ya viti, mama. Kwa hiyo unakatwa kwa ajili ya mteja."

Mteja wa kwanza alipiga kutoka Shinyanga. Alikuwa anatafuta kiti cha magurudumu cha baba yake aliyepooza. Ludovika alimpa pole, akauliza mzee anakula vizuri, akauliza anauguzwa na nani, wakaongea mpaka simu ikapata moto. Wa pili alitaka viti vya ofisi. Jordan akacheka, akarekebisha, tangazo likawa linaonekana Songea peke yake. Ndipo ilipoanza hii ya alfajiri. Kabla jua halijapanda, pesa ya siku nzima ilikuwa imeliwa, na wenye harusi walipoamka na kushika simu zao, jina la Ludovika halikuwepo tena. Wakawakuta watu wa mjini.

"Wanaobonyeza ni wa hapahapa," Jordan alimwambia. "Na hawapigi simu. Wanabonyeza tu."

Hapo kichwa cha Ludovika kilikwenda moja kwa moja kwenye viti vyekundu.

Na msimu ndio huu. Mahindi yameshauzwa, watoto wanapata kipaimara, mabinti wanaolewa. Turubai lilikuwa limelala sebuleni likiwa limekunjwa, kubwa kama ng'ombe mgonjwa, na kila anayetaka kupita lazima aliruke. Akimaliza kuosha viti ambavyo havijakaliwa na mtu, Ludovika hukaa juu yake na sindano ya magunia, akiziba matundu ya sigara za harusi za zamani. Hili la harusi ya Aidan. Hili la msiba wa padre. Jumamosi angekuja mtu wa Mbinga kulitazama, na akilipenda angeondoka nalo. Viti bila turubai ni mzigo tu, hilo alilijua. Lakini alikuwa amechoka kulizunguka.

Alhamisi jumuiya yao ya kanisa ilisali kwa Bibi Lukresia. Kwenye mkeka pembeni ya Ludovika palikuwa na nafasi tupu, ya Oliva, na hakuna aliyesogea kuijaza. Walipomaliza sala na matangazo, bibi akamshika Ludovika mkono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Biashara inakwendaje? Maana mimi sikuachi. Nikimaliza tu rozari yangu ya asubuhi, navaa miwani, nakubonyeza."

Ludovika alidhani hakusikia vizuri. "Unanibonyeza, bibi?"

"Kila siku ya Mungu. Siku nyingine mara mbili, nikikuona umepoa."

"Si bibi tu, sote," alidakia Kajetani, mwenyekiti wa jumuiya. "Mimi nikitoka misa ya asubuhi nakubonyeza palepale nje ya kanisa, kabla sijawasha pikipiki. Siku nikisahau najisikia vibaya, kama nimempita mtu njiani bila salamu."

"Mimi nimemwambia na dada yangu wa Msamala," alisema Aurelia. "Naye anabonyeza na wanakwaya wenzake."

Watu wakacheka kwa furaha. Ludovika naye akatoa meno.

"Nani aliwaambia mfanye hivyo?"

"Hee! Si ni Mama Jane!" Bibi Lukresia alishangaa kuulizwa. "Wewe siku hiyo ulikuwa umekwenda kwa Thadei kumuuguzia mtoto. Akasimama hapo hapo ulipokaa. Akasema mwenzetu ameingia mtandaoni, ni mjane, hana wa kumsukuma. Kila mmoja ambonyeze asubuhi, jina lake lisishuke. Alisema mpaka akalia, yule. Hakukwambia?"

Hakumwambia. Oliva akifanya jambo la maana huwa hasemi, husema yale mengine yote.

Nyuso zote zilikuwa zimemgeukia, zinangoja kushukuriwa. Ludovika alitafuta namna ya kulitamka. Kwamba kila salamu yao ilikuwa inachota kijiko kwenye chungu chake. Kwamba walikuwa wameshamla nusu, kwa upendo, huku wakifanya ishara ya msalaba. Alimtazama bibi na miwani yake iliyofungwa uzi upande wa sikio moja.

"Asanteni," alisema. "Asanteni sana. Sasa jina limeshapanda. Mnaweza kupumzika."

"Limepanda?"

"Mpaka juu kabisa."

Wakapiga makofi. "Basi tusiache," alisema Bibi Lukresia, "lisije likashuka."

Ijumaa asubuhi alikuwa Majengo mlangoni kwa Jordan kabla hajamaliza kupanga makava ya simu.

"Lizime."

"Mama, ngoja kwanza. Tunaweza kuwaandikia wenye mtandao. Mibonyezo ya hovyo huwa wanaichunguza, wakiridhika wanarudisha hela. Tuseme tu kuna watu wanakuhujumu."

"Niwashtaki kina nani, Jordan? Bibi Lukresia?"

"Basi waambie waache."

"Nimwambie rozari yake ilikuwa inaniibia?" Ludovika aliegemea kaunta. "Lizime, baba. Nimechoka."

Jordan akalizima. Ilichukua muda mfupi kuliko kuzima mshumaa.

Jumamosi mchana, turubai likiwa limeshaburutwa mpaka barazani kumngoja mtu wa Mbinga, Ludovika alizunguka uzio. Alipita kwenye viti vyekundu, vimepandana, bado na nailoni za dukani. Hakuna hata kimoja kilichowahi kutoka. Hilo nalo hakuwa ameliona.

"Hodi humu."

"Karibu," alijibu Oliva, bila ladha.

Oliva alikuwa amechutama jikoni, anasonga ugali, mgongo ameupa mlango. Harufu ya dagaa wa Nyasa ilijaa mpaka nje.

"Mama Jane, nimekosa."

Mwiko uliendelea kuzunguka. Ugali ulipinduliwa, ukapigwapigwa, ukapinduliwa tena.

"Nimewasikia kule jumuiya. Wameniambia ulivyosema." Ludovika alishika mwimo wa mlango. Angeeleza sasa? Kwamba hata hivyo pesa ilikuwa imeliwa na vidole vyao? Alijisikia hana nguvu, wala haja.

"Leo asubuhi nimekutafuta kwenye simu," alisema Oliva, bado hajageuka. "Sikukuona. Nikarudia, nikarudia, hukuwepo. Nikasema, basi huyu mama anaumwa."

"Ulinitafuta? Pamoja na yale niliyokutukana?"

"Matusi ni yako. Kubonyeza ni kazi yangu."

Kule upande wa pili gari likasimama, likapiga honi. Ludovika akageuka. Juu ya uzio ilionekana bodi ya kirikuu, gari dogo la mizigo, na mtu akishuka, akilitazama turubai pale barazani.

"Nani huyo?" Oliva aliuliza, ameshasimama, anafuta mikono kwenye kanga.

"Wa Mbinga. Amekuja kulichukua turubai."

"Turubai lipi? Letu?" Oliva akachungulia juu ya uzio, akamwangalia yule mtu kutoka kofia mpaka viatu, akasonya kidogo. Akachukua sahani, akaongeza ya pili, akaongeza ya tatu. "Mwambie aache kulikanyagakanyaga, aje anawe. Ametoka mbali, atakuwa na njaa. Na wewe usinisimamie mlangoni kama mdai, ingia, ugali unapoa."