Mfumo wa Kina Mama

Mie Erasmus simpendi, na leo nasema hadharani. Ni mdogo wake mume wangu. Hapa Temeke wanamwita mtaalamu wa kompyuta, sifa zimempanda kichwani.

Nina steshenari, kompyuta moja tu. Windows yake ilikuwa hoi, kila flashi ya mteja inaingia na virusi vyake. Nikaamua kuhamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, wa bure. Nikauliza, nikasoma, nikachagua Linux aina ya Mint, maana haitofautiani sana na niliyoizoea, na unaweza kuijaribu kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani.

"Nisaidie kuiweka," nikamwambia Erasmus. "Ila ijaribu kwanza. Humo mna mafaili ya watu."

Akacheka! "Mint ni ya kina mama, shem. Nakuwekea Arch, Linux ngumu, ya wanaume."

Wateja wetu mnawajua. Mtu ukishamchapia kazi yake anasema, "Niachie humo humo, nitaifuata." Ndivyo alivyosema Mzee Kamugisha. Alikuja amekonda kwa maradhi, akanitajia wasifu wake mwenyewe, wa kusomwa siku ya kumzika. Akamtaja na Demetria, binti aliyemzaa nje ya ndoa akamkana miaka yote. "Andika ni mwanangu," alisema. "Sitaki kupambwa."

Siku Erasmus alipokuja kuiweka, nilimwachia kompyuta nikatoka kidogo kwenda sokoni. Narudi, kioo cheusi, maandishi meupe yanashuka.

"Mafaili yako wapi?"

"Nimesafisha diski yote, shem. Tunaanza upya."

"Yarudishe!"

"Hayarudi."

Nilimtukana mpaka majirani wakatoka. Nikafunga duka kwenda kumtafuta mzee nimchapie tena. Nikakuta turubai limeshafungwa uani kwake. Mzee kafariki asubuhi ile.

Demetria akaja dukani kesho yake. "Dada Vaileth, baba aliniambia wasifu wake uko kwako. Eti kanitaja." Nilimweleza yote huku nalia kwa hasira. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Siku ya mazishi nikamburuta Erasmus mpaka msibani. Msemaji wa familia akasoma wasifu walioandika wenyewe: marehemu alikuwa mume mwema, ameacha watoto watatu. Nikasimama. Nikasema wasifu wake wa kweli niliuchapa mie, na wa nne ni huyu hapa, Demetria.

Stephano, kifungua mimba wa mzee, hata hakuinua sauti. "Karatasi iko wapi?"

Nikamgeukia Erasmus. "Sema ulivyoufuta!"

Mtaalamu wa mtaa mzima akainama, anaangalia viatu vyake.

"Basi kaa chini, mama," Stephano akasema. "Tusiharibiane msiba."

Watoto wakaitwa kuweka mashada. Wakaenda watatu. Demetria akabaki amesimama na shada lake mkononi, hakuna aliyemwita.

Tunatoka makaburini, Erasmus akanisogelea. "Shem, kesho nikuwekee ile Mint?"

Nilimtemea mate, na sijutii.