Chai ya Kopo

"Yanuse tena."

"Nimeyanusa. Mazuri."

"Sasa unayakatalia nini?"

"Usinibane, shemeji. Mimi mpokea maziwa, si waziri."

Ndama akalisukuma dumu mpaka likagonga meza ya kituo. Jina hilo walimpa utotoni kwa kupenda maziwa, na leo lilikuwa linamcheka. Kaamka na giza, kakamua, kaja kwa miguu, halafu mume wa dada yake anamwambia kiwanda hakichukui tena. Serikali imefuta ushuru wa maziwa ya unga kutoka nje. Kiwanda kinanunua magunia, kinakoroga na maji, kwisha habari.

"Si wao waliotuambia tufuge ng'ombe wa kisasa?"

"Hao hao."

"Mama kasema leo yakirudi, ng'ombe anaenda kwa mchinjaji. Na ana mimba, shemeji."

Shemeji akakuna kichwa, akamimina chai.

"Kunywa kwanza. Hasira haijazi tumbo."

Ndama akanywa. Chai nzito, ya kulamba midomo. Akakiinua kikombe mara ya pili, ndipo akaliona kopo nyuma ya birika, limeandikwa lugha asiyoijua.

"Hata wewe?"

"Dada yako ndiye anayenunua. Anasema halichachi, halili majani, na halipigi mtu teke."

Alitaka kuitema. Akameza. Chai ilikuwa tamu bwana, na hapo ndipo palipomuuma. Akatoa simu, akampigia mchinjaji.

"Ng'ombe wa maziwa?" Mchinjaji akacheka, bila ubaya. "Leo wote mmenikumbuka. Zizi limejaa, nyama yenyewe inanidodea. Kaa naye tu, umkamue."

"Nimkamulie nani?"

Simu ilishakatwa.

Kumwacha bila kukamua haiwezekani. Ng'ombe hajui mambo ya ushuru. Jioni kiwele kitajaa vile vile, na kisipokamuliwa kitavimba, kitaoza, na mimba yake ndani. Na mtaani atamuuzia nani, wakati kila zizi lina dumu lililorudi?

"Nimwambieje mama?"

"Mwambie nimemsalimia," shemeji akasema, macho chini. "Malizia chai basi, itapoa."

Ndama akaimaliza, mpaka masalia ya chini. Akajitwika dumu lake, zito vile vile kama lilivyokuja, akageuka, akaenda zake.