Koti la Saruji

Thirza Endacott alikuwa akipanga vyombo vyake kwenye masanduku. Nyumba ya shamba ambayo ukoo wa marehemu mumewe uliijenga kwa udongo na mabua ya ngano, kabla barabara haijafika bondeni, ilikuwa imeloa. Ukuta wa chumba chake ulitoka jasho, karatasi yake ya maua ikabanduka, na kikohozi hakikumwacha tangu majani yapukutike. Sasa alikuwa anahamia kwa dada yake, mjini Exeter.

"Nimeiua mwenyewe," alisema. "Nyumba hii niliipaka chokaa kila mwaka. Miguu ikanishinda, na nyumba nayo ikachoka."

Mwanawe Mervyn alikuwa akifunga sanduku kwa kamba. Akakaza fundo.

Huku kwetu Devon, Uingereza, husemwa kwamba nyumba ya udongo haitaki mengi: kofia nzuri na viatu vizuri. Kofia ni paa la mabua, viatu ni msingi wa mawe. Koti halitajwi, kwa kuwa kila mtu anajua ni chokaa, ambayo huuacha ukuta upumue; saruji hufungia maji ndani. Mervyn naye alijua. Lakini miaka miwili nyuma, mama yake alipokuwa hospitalini kwa ajili ya nyonga, aliupiga lipu ya saruji ukuta wa nje wa chumba cha mama, upande wa upepo, kisha akaufunika kwa rangi nyeupe. Hakutaka tena kumwona mama wa miaka themanini juu ya ngazi na ndoo. Mama aliporudi, alimwambia ni chokaa. Naye mama akamsifu kwa kila jirani.

Reg Tapscott, fundi wa kuezeka, alishuka kutoka paani, nao wakatoka uani kumsikiliza.

"Kofia yako haina tundu, Thirza. Labda unayevuja ni wewe."

"Shika adabu yako, Reg. Chai iko mezani."

"Na viatu ni vizima, nimeviangalia." Akaugonga ukuta kwa vidole. Ukalia kama debe tupu. Akamtazama Mervyn. "Mimi ni mtu wa mapaa tu," alisema, akaingia ndani nyuma ya Thirza.

Mervyn alibaki uani. Angenyamaza, mama angehama, na watu wangesema ni uzee, wa nyumba na wa mwenye nyumba. Dirishani alimsikia mama akimwambia Reg, "Mervyn alijitahidi, maskini. Mzembe ni mimi."

Akaenda bandani kuchukua nyundo.

Pigo la kwanza halikufanya kitu. La tatu liliangusha bamba kubwa la saruji. Nyuma yake udongo ulikuwa uji, ukamwagikia viatu vyake pamoja na mabua meusi yaliyooza.

Thirza alitoka na kikombe mkononi. "Unafanya nini?"

"Ni saruji, Mama. Niliiweka mimi. Haikuwa chokaa."

Reg alisimama mlangoni, keki mdomoni, hatafuni.

"Saruji ningekusamehe," alisema mama. "Baba yako aliwahi kuniwekea jiko chini ya ngazi, nikamsamehe. Lakini umenisikia nikijilaumu, ukaendelea kufunga kamba."

"Ndiyo, Mama."

Akainua nyundo tena, kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono.

"Acha! Utaniangushia dari kitandani. Tegemeza boriti kwanza. Kisha toa udongo wote, uukanyage na mabua mapya, uurudishe palepale."

"Zamani walikanyagisha ng'ombe," alisema Reg.

"Tunaye," alisema Thirza, akimwelekezea Mervyn kidole.

Reg alicheka. Thirza hakucheka. Mchana huo alimwomba Reg ampeleke Exeter.

"Utarudi lini?" Mervyn aliuliza.

"Ukuta ukikauka. Kuta hizi hukauka polepole."

Alichukua sanduku moja tu. Mengine yalibaki ukumbini, yamefungwa kwa mafundo ya Mervyn. Naye alikaa kizingitini, akavua viatu, kisha soksi, akaingia kwenye udongo wa baridi na kuanza kukanyaga.