Kiti cha Mkalimani

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatano ya wiki ya pili ya Januari, Verlene Tolliver alikuwa amepiga magoti ghorofa ya tatu akikung'uta theluji kwenye mkeka wa plastiki. Jengo lilikuwa na joto la kutosha, mabomba yalinguruma ukutani kama kawaida, na wenzake walikuwa wamevua makoti na kukunja mikono ya mashati. Theluji ilianguka juu ya kiti kimoja tu, kile kilicho karibu na mashine ya kunakili, na ilianguka pale kwa sababu Zmarai alikuwa amekikalia. Alikuja kila siku ya kazi tangu auawe miaka mitatu nyuma. Mkeka uliletwa na idara ya majengo baada ya Verlene kujaza fomu mara mbili.

Zmarai alikuwa mkalimani. Kwa miaka sita ya vita alitembea na askari wa Kimarekani katika milima ya kwao, Khost, akiwafasiria maneno ya wazee na kuwaonyesha njia isiyotegwa mabomu, nao wakamwahidi viza, yeye na familia yake. Maombi yake yakiwa bado yanazunguka Washington kutoka meza hadi meza, watu walimgongea mlango alfajiri moja ya baridi. Alipotoka wakampiga risasi kizingitini, theluji ikianguka. Wiki iliyofuata alifika Washington, kwenye lango la jengo hilo, akiwa na barua yake ya miadi mkononi. Walinzi waliona kitambulisho chake kimekwisha muda, wakapiga simu juu, na Verlene akashuka kumchukua, maana kanuni inasema mgeni haendi popote bila mwenyeji.

Verlene alikuwa na miaka thelathini na moja katika ofisi hiyo ya usalama wa taifa. Alizaliwa ng'ambo ya Mto Anacostia, upande wa maskini wa jiji, na huko nyumbani aliwaambia watu anafanya kazi ya mafaili, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mabosi walikuja na rais wao na kuondoka na rais wao, wakaacha vikombe vyenye nembo na mimea iliyokauka. Yeye alibaki na funguo.

"Mtu wako kafika, Bi Verlene," Otis Pruitt, mlinzi wa lango, alimpigia simu kila asubuhi. "Na leo kaniloweshea daftari tena. Si umwambie akung'ute mabega huko huko nje?"

"Mwambie wewe, si una mdomo?"

"Mimi? Akisimama mbele yangu magoti yote yanashikwa na baridi. Njoo umchukue mtu wako."

Huko juu Verlene alimwekea Zmarai kahawa kwenye kikombe cha karatasi. Hakuinywa, ila alishukuru, na baada ya robo saa ilikuwa imeganda. Kisha aliuliza swali lake, moja tu kwa siku.

"Leo je, dada?"

"Bado, kaka."

"Sawa," akasema, akaweka mikono magotini.

Alichokisubiri ni saini moja. Mke wake alikwisha kufa zamani, lakini binti yake, Palwasha, alikuwa hai, amefichwa na shangazi yake katika chumba cha uani huko Peshawar, ng'ambo ya mpaka. Kwa kanuni za ofisi, mtoto aliruhusiwa kusafiri kwa maombi ya baba yake marehemu, mradi mkubwa mmoja atie saini barua ya kuthibitisha kwamba baba alitumika kwa uaminifu. Mtoto alihesabiwa mtoto mpaka atimize miaka ishirini na moja. Palwasha angetimiza tarehe ishirini na mbili Januari. Barua ilikuwa tayari tangu Septemba, Verlene aliichapa mwenyewe, na kilichokosekana ni jina la Naibu Mkurugenzi, Grant Hollister, kwa wino.

Lakini Novemba uchaguzi ulipita, chama cha rais kikashindwa, na ofisi ikaingia katika desturi yake ya kupokezana. Majalada ya bluu ni ya kutiwa saini kabla ya kuondoka. Majalada mekundu huachiwa wanaokuja. Wanaoondoka huona si adabu kuwafunga mikono wanaokuja, na wanaokuja husema nchi ina rais mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo hawashiki kalamu mpaka saa sita mchana ya tarehe ishirini Januari, rais mpya anapoapishwa. Ni wiki kumi na moja ambazo kila mtu ana heshima mno. Verlene aliiweka barua ya Palwasha kwenye jalada la bluu. Ilirudi kwenye jekundu. Akaihamisha tena, ikarudi tena.

Jumatano ile aliingia nayo ofisini kwa Hollister, ambaye alikuwa anafunga picha za wanawe kwenye magazeti.

"Bosi, hii ya mkalimani. Binti ana siku kumi na nne."

"Verlene, tulishaongea. Hilo ni suala la sera sasa. Nikisaini leo, kesho wanaokuja watasema Hollister kawatupia wahamiaji mlangoni akiwa anatoka."

"Ni mtu mmoja."

"Leo mmoja." Alichungulia mlangoni, akaona theluji ikishuka polepole juu ya kiti, akainamisha kichwa kumsalimu Zmarai, naye akajibu vivyo hivyo. "Mimi namheshimu sana yule bwana. Nimemwandika kwenye waraka wa makabidhiano, ukurasa wa arobaini na moja. Wasaini wao."

Basi akawaendea wao. Rais mteule alikuwa ametuma watu wake kusoma majalada kabla ya wakati, na mkubwa wao, Preston Yardley, kijana wa tai nyembamba anayesema taratibu, alikuwa amepewa chumba cha mikutano chenye mabaki ya keki ya kuwaaga wanaoondoka. Alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Verlene hakulitegemea.

"Inasikitisha kwa kweli, mama," alisema. "Lakini mimi hapa mgeni tu. Sina hata ufunguo wa choo. Tukishaingia tutaliangalia."

"Mkishaingia mtakuwa na siku mbili."

"Tutaliangalia."

Aliandika jambo kwenye kidaftari chake. Verlene akatoka, akanyoosha mkeka ambao haukuwa umepinda.

Tarehe ishirini jiji lilifungwa kwa ajili ya kiapo, barabara zikazibwa kwa malori ya mchanga, na ofisini wakaja wachache wa lazima. Mafundi walipita na ngazi wakishusha picha za rais anayeondoka, na kuta zikabaki na misumari. Hollister aliondoka saa tano na robo akiwa amebeba boksi moja. Alimkumbatia Verlene, akalia kidogo, akamwachia kikombe chake chenye nembo. Kwa Zmarai alisimama, akainamisha kichwa, akaenda kwenye lifti.

Katika kabati la nyuma ilikuwamo mashine ya saini. Ni mashine inayoshika kalamu na kuandika jina la mkubwa kama alivyoandika mwenyewe, kwa wino wa kweli, na hutumika kwa barua za rambirambi na za shukrani. Mpaka saa sita mchana iliandika jina la Hollister, baada ya hapo ingekuwa chuma tu. Ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni mwa Verlene.

Saa sita kasoro dakika ishirini alifungua kabati. Aliiweka barua kwenye ubao, akainyoosha kingo, akaweka kidole juu ya swichi. Alipogeuka Zmarai alikuwa akimtazama kutoka kitini, na kwa mara ya kwanza theluji yake ilikuwa imesimama hewani, haishuki. Hakumwomba. Alikuwa mkalimani, na kazi yake ilikuwa kupitisha maneno ya wengine bila kuongeza lake.

Verlene alifikiria miaka thelathini na moja bila doa. Alifikiria pensheni, na uchunguzi, na jinsi watakavyolitamka jina lake. Alifikiria pia chumba cha uani. Alisimama hivyo mpaka redio ya chumba cha jirani ikatangaza kwamba kiapo kimeliwa, na taa ndogo ya mashine ikazimika yenyewe. Akafunga kabati. Aliona aibu kiasi kwamba alishindwa kupita karibu na kile kiti, akazungukia upande wa pili wa meza.

Theluji ilianza kushuka tena.

Yardley, sasa Naibu Mkurugenzi mpya, aliingia ofisini kwa Hollister saa saba kasoro robo. Picha mpya zilikuwa hazijafika, kwa hiyo alikaa chini ya msumari. Waraka wake wa kwanza ulisimamisha maombi yote kwa siku tisini ili yatathminiwe upya. Tarehe ishirini na mbili Zmarai alikuja kama kawaida, akaketi, akashukuru kwa kahawa. Hakuuliza swali lake. Hakuuliza kesho yake, wala Februari yote, wala Machi.

Katikati ya Aprili alikosekana siku tatu. Mkeka ulikauka, watu wakanakili karatasi zao bila kuvaa sweta, na mmoja akasema labda amechoka. Verlene alijua Zmarai hachoki. Siku ya nne Otis alipiga simu, na safari hii sauti yake haikuwa na utani.

"Bi Verlene, shuka. Mtu wako kaja. Alikuwa kaenda kumpokea mtu."

Kule chini Otis alikuwa ameshaandika beji mbili. Zmarai alisimama mahali pake pa kila siku, na kando yake msichana mrefu, ana macho ya baba yake, kiatu kimoja mguuni. Nywele na nguo zake zilichuruzika maji yaliyonuka mwani, na juu ya fulana alivaa jaketi la kuokolea maisha la rangi ya machungwa, la mtoto, kamba zake zimekatika. Njia ya karatasi ilipofungwa alikuwa ameshika ile nyingine, inayopita baharini. Sasa amefika Washington, na hapakuwa na aliyemdai viza.

Verlene aliwapandisha wote wawili. Aliburuta kiti cha pili akakiweka karibu na cha kwanza, na kwa kuwa mkeka ulikuwa mmoja alikaa kujaza fomu ya idara ya majengo. Kwenye sababu ya maombi aliandika: maji ya bahari.

Yardley alipita na kikombe chake, akainamisha kichwa kuwasalimu, nao wakajibu.

"Hawa wamo kwenye tathmini?"

"Wamo, bosi."

"Vizuri," alisema, akaingia ofisini.

Verlene alimimina kahawa mbili. Msichana alishukuru, akaweka mikono magotini, akainua uso.

"Leo je, shangazi?"

"Bado, mwanangu," akasema Verlene.