Marlys Amekataa Viazi

Marlys Engebretson alipokataa kuandika jina lake kwenye karatasi ya zamu za jikoni, nilijua pana jambo. Mtu haamki tu asubuhi akaacha kazi aliyoifanya miaka ishirini na miwili. Karamu ya kanisa letu la Kilutheri huwa Oktoba, nusu ya Minnesota inakuja kula, na viazi vyote, ratili mia nne, msimamizi wake ni Marlys. Mwaka huu kanipitishia karatasi bila kuandika kitu, huku anatabasamu.

"Safari hii simo, Ardis. Nitakuja kula."

Kuja kula! Kwetu mwanamke haji kula. Anakula jikoni, kasimama, wageni wakishashiba.

Nikadhani anahamia kwa Wabaptisti. Nikamchunguza Jumapili mbili: yupo, benchi lilelile, anaimba. Basi nikaona amekonda. LaVonne, mpiga kinanda wetu, akasema kweli kakonda, na utulivu ule umetoka wapi? "Watu wakishaambiwa na daktari ndivyo wanavyokuwa," akaninong'oneza. Hapo sikuwa na shaka tena.

Nikapitisha karatasi nyingine, ile ya kumpelekea mgonjwa chakula. Ikajaa kabla kahawa haijaisha. Mimi nikarithi viazi, pamoja na kazi yangu ya mikate na meza. Na binti yangu Solveig kajifungua huko Fargo wiki tatu zilizopita, mjukuu wangu wa kwanza, sijamtia machoni. Nimemwambia nitakwenda baada ya karamu. Kabla ya hapo nilimwambia baada ya mazishi ya mzee Halvorson. "Sawa, Mama," alinijibu, na sawa ile ilinichoma.

Alhamisi nikampelekea Marlys bakuli la tambi na samaki. Nikamkuta kibarazani, saa nne asubuhi, blanketi magotini, hafanyi kitu. Hata sweta hafumi!

"La tisa hilo," akasema. "Ardis, nani kawaambia nakufa?"

"Hakuna aliyesema unakufa."

"LaVonne kaniombea hapo mlangoni na machozi juu!"

"Basi sema unaumwa nini."

"Siumwi."

"Mumeo kafanya jambo?"

"Roger? Yuko ndani anafagia bakuli la LaVonne. Ananiomba nisipone mapema."

Nikamkagua macho, kucha, vifundo vya miguu. Sikupata kitu, na hilo likanipandisha hasira.

"Mtu mzima hakai tu hivi, Marlys."

"Miaka yote nimemwomba Mungu anipe nguvu za kufanya kila kitu. Mwaka huu nikamshukuru kwa nilivyo navyo, nikaona vinatosha. Nimetosheka, mwenzangu. Hakuna siri nyingine."

"Na viazi je?"

"Wasipovimenya watu wengine, watu watakula mkate."

Nilitamani kumtupia lile bakuli. Lakini niseme kweli: nilikuwa nataka awe mgonjwa. Mgonjwa anaruhusiwa kukaa. Kama mzima naye anaruhusiwa, basi mimi nimezuiwa na nini kwenda kumwona mjukuu wangu? Machozi yakanitoka palepale, bakuli mkononi, kwa aibu. Marlys akanivutia kiti. Hakuniombea, na nilimshukuru kwa hilo.

Niliporudi nyumbani sikuvua hata koti. Nikampigia Solveig.

"Nakuja kesho, mwanangu. Nitakaa wiki mbili."

"Wiki mbili? Na karamu?"

"Watajua wenyewe. Nitakuwa kwako."

Nyuma yake nikamsikia mtoto akilia, sauti nyembamba, mara yangu ya kwanza kuisikia. Nikangoja binti yangu afurahi. Badala yake akauliza polepole, sauti ikimtetemeka:

"Mama, daktari kakwambia nini?"